Shajara ya mradi: kidahizo cha "just"

5 Februari

Tumeanza kazi ya kidahizo cha "just", yaani neno hilo pamoja na maelezo yake kwenye mwongozo. Mradi wenyewe ni mwongozo wa vielezi vya Kiingereza kwa mtu anayesoma na kufikiri kwa Kiswahili. Mpaka sasa "still", "yet" na "already" vimeshahaririwa, na havikutusumbua sana, kwa kuwa "bado" na "-mesha-" hubeba sehemu kubwa ya mzigo wao. "Just" ni kazi ya namna nyingine.

Kamusi nyingi humpa msomaji mfululizo wa visawe: tu, hasa, sasa hivi, kwa shida, -a haki. Kila kimoja ni sahihi mahali pake. Shida ni kwamba msomaji akikutana na sentensi hana njia ya kujua achukue kipi, kwa hiyo huchukua cha kwanza, na cha kwanza karibu kila mara ni "tu". Sitaki kuirefusha orodha hiyo. Nataka msomaji ajue sentensi yenyewe inamwelekeza wapi.

Nafanya kazi na kopasi mbili, yaani hifadhi za maandishi na mazungumzo halisi. Moja ni British National Corpus, yenye maneno takribani milioni 100, ambayo sehemu yake moja kwa kumi ni mazungumzo yaliyonukuliwa. Nyingine ni ile ya Kiingereza cha Marekani, COCA, yenye zaidi ya maneno bilioni moja kutoka matini za mwaka 1990 hadi 2019. Zote mbili zinaonyesha jambo moja: "just" ni neno la mdomoni. Katika maongezi limejaa tele, na katika makala za kitaaluma hupungua sana. Kwa hiyo mifano yetu itakuwa ya watu wanaosemezana, si sentensi za ubaoni.

6 Februari

Aya ya asili ya neno itakuwa fupi, lakini siiachi, maana ndiyo inayoziunganisha maana zote.

Kilatini kilikuwa na "ius", yaani haki au sheria, na kutoka hapo "iustus", mwenye haki. Kupitia Kifaransa, neno likaingia Kiingereza katika karne ya 14 likiwa kivumishi. Biblia ya King James ya mwaka 1611 inasema "The just shall live by faith", na wasomaji wengi wa Kiswahili wanaijua aya hiyo: "Mwenye haki ataishi kwa imani." Sasa, kitu cha haki ni kitu kilichokaa sawasawa na kipimo, hakikuzidi wala hakikupungua. Ndipo mnamo mwaka 1400 "just" likawa pia kielezi chenye maana ya "hasa, barabara". Katika karne ya 17 likaongezewa maana ya "hapo tu, si zaidi".

Uzi ni kipimo. Kuna alama, na kitu kimeifikia. Ukitazama kwamba kimeifikia, unapata "hasa". Ukitazama kwamba hakikuipita, unapata "tu". Ukitazama kwamba kilibakia kidogo kisiifikie, unapata "kwa shida". Na alama ikiwa ni wakati huu tunaozungumza, unapata "sasa hivi". Hayo yote yalikuwa yanaonekana kama maneno manne yaliyovaa jina moja. Aya hii itatangulia maana zote, kwa lugha nyepesi, na kila maana itakayofuata irudi kwenye alama hiyo.

Kivumishi kitapata kidahizo chake mbali, pamoja na "justice". Hapa nitaacha onyo moja tu: kielezi cha haki ni "justly". "He was justly punished" ni kwamba aliadhibiwa kwa haki. "He was just punished" ni kwamba ametoka kuadhibiwa, au kwamba aliadhibiwa tu na hakuna zaidi. Herufi mbili zinaamua kama msemaji anatoa hukumu au anatoa habari.

8 Februari

Maana ya wakati. Mwalimu mmoja anayetusaidia ameleta madaftari ya wanafunzi wake, na kosa lililojirudia ni hili: "I've just eaten" limeandikwa "Nimekula tu."

Anayejua Kiswahili anasikia mara moja kilichoharibika. "Nimekula tu" ni jibu la mtu aliyeulizwa amefanya nini kingine: hakuoga, hakulala, amekula tu. Habari ya kwamba chakula bado ki tumboni haimo. Kiswahili kina njia zake za kuisema: "Nimetoka kula." "Ndiyo kwanza nimekula." "Nimekula sasa hivi." Na kwa tukio la habari, "hivi punde". Hakuna hata moja yenye "tu".

Kati ya hizo, "sasa hivi" ndiyo inayofanana zaidi na "just", kwa sababu inatazama pande zote mbili. Tunasema "Amekuja sasa hivi", tukitazama nyuma, na tunasema "Nakuja sasa hivi", tukitazama mbele. Kiingereza kinafanya vilevile: "She's just come" na "I'm just coming". Alama ni sasa, na tukio limeigusa kutoka upande mmoja au mwingine. Upande unaonyeshwa na kitenzi, si na kielezi. Kwa mbele zaidi kidogo kuna "I was just about to call you", "Nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi". Nimeiweka "sasa hivi" juu ya visawe vyote vya maana hii.

Halafu kuna tofauti za mabara. Mwingereza, hasa akiandika kwa uangalifu, hutumia hali timilifu: "I've just seen him." Mmarekani husema bila wasiwasi "I just saw him", kwa wakati uliopita wa kawaida. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba hali timilifu ni lazima huiona sentensi ya pili kuwa kosa, kumbe si kosa. Tutazitaja zote mbili, na kila moja tutaitaja kwao ni wapi.

"Just now" ina safari ndefu zaidi. "She called just now": amepiga simu sasa hivi. "I'm busy just now": kwa sasa nina shughuli. Na Afrika Kusini, "I'll do it just now" ni ahadi ya baadaye kidogo, na hiyo kidogo huweza kuvutika. Anayetaka kusema kwamba atafanya haraka zaidi huko husema "now now". Mfanyakazi anayepokea ujumbe kutoka Johannesburg anahitaji kulijua hili kabla hajakaa kusubiri, kwa hiyo halitawekwa chini kama tanbihi. Litakuwa ndani ya maana ya wakati, kwa herufi za ukubwa uleule.

9 Februari

Nyongeza ya jana, maana daftari moja limenionyesha jambo ambalo halimo katika mwongozo wowote nilio nao.

Mwanafunzi ameandika: "Just he arrived, the rain started." Sentensi si ya Kiingereza, lakini nyuma yake kuna Kiswahili safi: "Alipofika tu, mvua ikaanza." "Tu" inayofuata kitenzi cha wakati haina maana ya "pekee". Inabana muda, kwamba kati ya tukio la kwanza na la pili hapakuwa na nafasi. Kwa maana hiyo Kiingereza hakitumii "just" peke yake, hutumia "as soon as he arrived". Mwanafunzi alifuata hesabu ya haki: kama "tu" ni "just", basi na "alipofika tu" ina "just" ndani yake.

"Just" inaweza kukaa hapo, ila inahitaji mwenzake, na mwenzake hubadilisha saa. "Just as he arrived": wakati uleule alipokuwa anafika. "Just after he arrived": muda mfupi baada ya kufika. "Just before": muda mfupi kabla. Katika zote tatu "just" inalisogeza tukio karibu na alama, na neno linalofuata linasema liko upande gani wa alama hiyo. Nimeandika mfano mmoja wenye mvua mara tatu, mmoja chini ya mwingine, ili jicho lione kinachobadilika.

12 Februari

Leo ni siku ya "tu" na mahali pake katika sentensi. Naandika kirefu, kwa kuwa naamini hapa ndipo kidahizo kitakapomsaidia msomaji kuliko popote.

"Tu" hukaa nyuma ya kile inachokibana. "Just" hukaa mbele yake. Hilo linaelezeka kwa mstari mmoja. Ila Kiswahili ni kikali kuhusu mahali, na Kiingereza hakina ukali huo. Tuchukue sentensi moja:

Mwalimu alimpa Asha kalamu.

"Mwalimu tu alimpa Asha kalamu": wengine hawakumpa. "Mwalimu alimpa Asha tu kalamu": wanafunzi wengine hawakupata. "Mwalimu alimpa Asha kalamu tu": daftari hakupata. "Tu" inahama, na kila inapohama ukweli wa sentensi unahama nayo. Ukiiweka pabaya umesema jambo jingine.

Sasa Kiingereza: "The teacher just gave Asha a pen." Hii moja inaweza kusomwa kwa njia tatu. Mwalimu ametoka kumpa sasa hivi. Mwalimu alimpa tu, hakumwuzia wala hakumwazima. Mwalimu alimpa kalamu tu, hakumpa kitu kingine. Kiingereza hupenda kuiweka "just" mbele ya kitenzi kikuu hata pale inapobana kitu kilicho mbali, kisha huacha sauti na muktadha vimalize kazi. Anayetaka kuwa na uhakika husema "gave Asha just a pen", na sentensi hiyo ni sahihi pia, ila ni ya mtu aliyekusudia kuweka wazi.

Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili ana faida asiyoijua. Lugha yake imemzoeza kuuliza: kinachobanwa ni nini? Akiisoma "just" kwa swali hilo, kisha akajaribu kuiweka "tu" nyuma ya kila neno la sentensi mpaka apate pale panapoleta maana katika mazungumzo yale, mara nyingi atafika. Na pasipokuwa na mahali hata pamoja ambapo "tu" inaleta maana, basi hiyo "just" si ya "tu" kabisa, na aende kwenye wakati au kwenye "hasa". Hiki ndicho kipimo tutakachompa. Nimekijaribu leo kwenye kurasa kadhaa za mistari ya kopasi na kinashika, isipokuwa kwa "just" ya adabu, ambayo itapata siku yake.

Jambo la pili la leo ni mpaka wa "just" na "only". Zikitafsiriwa "tu" zote mbili, msomaji huziona pacha. Lakini mwenye Kiingereza akibana kiima huelekea "only": "Only the teacher knows." "Just the teacher knows" inasikika imelegea, ingawa panapokuwa na idadi, kama "Just one person came", haina tatizo. Na kuna jozi moja ambayo inatenganisha kabisa:

"Only then did he speak." Hapo ndipo aliposema, si kabla.

"Just then he spoke." Papo hapo akasema.

Ya kwanza inafunga mlango wa muda wote uliotangulia, na hata mpangilio wa sentensi unageuka, kitenzi kisaidizi kikimtangulia mtenda. Ya pili inaonyesha sadfa ya saa. Kiswahili kimezitenga kwa "ndipo" na "papo hapo", na hakuna Mswahili anayezichanganya. Nimefurahi sana kuipata jozi hii. Itachapwa ndani ya kisanduku.

13 Februari

Vipimo na idadi. Kazi nyepesi. "Just 20" ni 20 tu. "Just over 20" ni 20 na ushei. "Just under 20" haijatimia 20, imepungukiwa kidogo. "Just about 20" ni karibu 20, na msomaji aonywe kwamba "about" imeitoa "just" kwenye uhasa wake.

Kando ya idadi kuna "just" ya kuponea: "He just passed", amefaulu kwa taabu, "He just escaped", aliponea chupuchupu. Waingereza huimarisha kwa "only just". Ila "We just missed the train" imwekewe alama: treni imeondoka, na imeondoka sasa hivi. Chupuchupu hapa iko upande wa kukosa.

16 Februari

Maana ya "hasa". Nilidhani itakuwa ya mistari miwili, ikanichukua asubuhi nzima, kwa sababu Kiswahili mara nyingi hakihitaji neno "hasa" kuisema. Kina "ndi-". "That's just what I wanted": "Hicho ndicho nilichokitaka." "Just where I left it": "Palepale nilipokiacha." Uhasa uko ndani ya "ndicho", uko ndani ya kurudufu "palepale", "vilevile", "wakati uleule". Mtafsiri anayetafuta neno moja la kulipachika mahali pa "just" ataishia kwenye "hasa" na kupata sentensi iliyo sahihi lakini baridi.

"She's just like her mother" tumeiwekea "Kafanana na mama yake kama shilingi kwa ya pili", na chini yake, kwa anayetaka ya kawaida, "Yuko vilevile kama mama yake".

Msemo wa viwandani "just in time" unaingia hapa pia. Ni mfumo uliokuzwa na Toyota huko Japani, ambapo sehemu ya gari hufikishwa kwenye mstari wa kuunganishia pale inapohitajika, wala haikai ghalani. Wasomaji wa biashara hukutana nao sana. Katika maongezi ya kila siku "just in time" ni kuwahi kwa kubakiwa na kidogo: "You came just in time", "Umewahi, tulikuwa tunaanza."

19 Februari

Ukanushi. Mfano mmoja unatosha kuufungua, na nimeukagua kwa wazungumzaji wawili kabla ya kuuweka:

"I don't just teach." Sifundishi tu; nina na kazi nyingine.

"I just don't teach." Kufundisha sifundishi, basi.

Katika ya kwanza kikanushi kimeimeza "just". Kinachokataliwa ni ule upekee. Katika ya pili "just" iko nje, inaukaza ukanushi wenyewe. Kiswahili kinaisema ya pili kwa njia nzuri sana, kwa kurudia kitenzi: "kwenda siendi", "kumjua simjui". Nimeshikilia kwamba mtindo huo uwemo kwenye kidahizo, ingawa mhariri mwenzangu aliuona ni wa mazungumzo mno. Nilimwambia, "Mwalimu, na hiyo 'just' nayo ni ya mazungumzo. Tukiipa Kiswahili cha ofisini tutakuwa tumeitafsiri nusu." Akasoma tena mifano, akakubali.

Vilevile "You can't just leave", huwezi kuondoka hivi hivi, na "You just can't leave", kuondoka haiwezekani kabisa. Mtu akisoma barua ya kazi na kuzichanganya hizi mbili, anaweza kuiona ruhusa yenye masharti kuwa katazo.

"Not just ... but also" inakwenda moja kwa moja kwenye "si ... tu, bali pia". Hakuna la kuongeza.

23 Februari

"Just" ya adabu, ile iliyokataa kipimo cha "tu".

"I just wanted to ask." Msemaji anapunguza uzito wa ombi lake: alama ni ndogo, na ombi halitaipita. Kiswahili kinafanya kazi hiyohiyo kwa "kidogo": "Naomba kuuliza kidogo." "Samahani, nina swali dogo." "Just a minute" ni "Subiri kidogo" kabla haijawa "Dakika moja tu". Unaposema "Njoo kidogo" huombi mtu aje nusu ya njia; unalilainisha ombi. Kwa hiyo kisawe cha kwanza hapa ni "kidogo", na "tu" inafuata.

Na penye amri inakuja "hebu". "Just look at this": "Hebu tazama hii." "Just listen": "Hebu sikiliza." Lakini amri ina sura mbili, na hapa sauti ndiyo mwamuzi. "Just sit down" ya mwenyeji anayemtuliza mgeni asihangaike ni "Wewe kaa tu". "Just sit down!" ya mtu aliyechoshwa ni "Hebu kaa chini!" Maneno ya Kiingereza ni yaleyale. Msomaji anayejua moja tu ataudhika alipokaribishwa, au atacheka alipokaripiwa.

Nimejadili na wenzangu kama tuseme lolote kuhusu ushauri wa kuifuta "just" kwenye barua pepe. Ushauri huo ulivuma sana mwaka 2015, na mwaka huohuo ilitoka programu ndogo ya kivinjari cha Chrome, Just Not Sorry, iliyokuwa ikipiga mstari chini ya maneno kama "just" na "sorry" ili mwandishi, hasa mwanamke, aone anavyojishusha. Mimi siukubali ukiwa kanuni ya jumla. Programu inayopiga mstari haioni kama "just" hiyo ni ya wakati, ya kipimo au ya adabu. "I've just sent the file" haimshushi mtu yeyote, ni taarifa ya saa. Na hata ile ya adabu ina kazi yake halali: mtu anayemwomba mkubwa wake au mgeni asiyemjua ana haki ya kulainisha ombi. Tutasema hivi kwenye kidahizo: katika barua rasmi, "just" ya adabu moja inatosha, zikirundikana kila sentensi, ombi lenyewe hupotea. Basi.

27 Februari

Kurekodi sauti. Mambo mawili tumeyanasa.

La kwanza, "t" ya mwisho hupotea mbele ya konsonanti. "Just now" na "just because" husikika bila "t", na irabu nayo hufifia neno lisipopewa mkazo. Mwanafunzi anayeisubiri "just" nzima aliyoiona kwenye maandishi haisikii kabisa, akadhani haikutamkwa, na maana ya wakati ikampita.

La pili ni mkazo. "I just SAW him" na "I JUST saw him" zimesomwa na mtu mmoja, mfululizo. Katika ya pili, mkazo ukiwa kwenye "just", sikio linaelekea kwenye saa: ni sasa hivi, dakika hii. Katika ya kwanza uzito uko kwenye kuona: nilimwona tu, sikuzungumza naye. Kwa maandishi sentensi hizo ni moja, na hakuna maelezo yatakayofanya kazi ya rekodi hiyo ya sekunde chache. Zitawekwa mwanzoni mwa sehemu ya sauti, si mwishoni.

4 Machi

Rasimu imesomwa na wanafunzi wa mwalimu yule. Hawakuambiwa watafsiri. Waliambiwa waseme kinachobanwa ni nini, au kama hakuna kinachobanwa.

Palipokuwa na kitu cha kubana walikwenda vizuri. Penye wakati, waliokuwa wameandika "Nimekula tu" sasa waliandika "Nimetoka kula", bila kusita. Waliposita ni kwenye "just" ya kukaza sifa: "It was just wonderful." Wengi waliandika "Ilikuwa nzuri tu", na hiyo kwa Kiswahili ni sifa ya kinyonge, karibu na kusema haikuwa mbaya. Msemaji alikusudia kinyume chake. Nimeongeza kifungu: "just" ikikutana na sifa iliyofika kileleni, kama "wonderful", "perfect", "terrible" au "impossible", inasema alama ya juu imefikiwa kweli, na Kiswahili chake ni "kabisa", "kwa kweli", "ya ajabu". Ikikutana na sifa ya kawaida, kama "It's just small", inarudi kwenye "tu".

Mmoja akauliza mbona "Salama tu" ni "Just fine" na hapo "tu" inafaa. Swali zuri, na jibu limeingia kwenye rasimu: "tu" ya salamu haipunguzi salama, inasema hakuna jambo la kuongeza. "Just fine" nayo ni hivyo. Hapo lugha mbili zimekutana, na ni vizuri msomaji aonyeshwe pia zinapokutana.

9 Machi

Mpangilio wa mwisho umekubaliwa. Asili na alama, kisha wakati, kisha mahali pa "tu" pamoja na kisanduku cha "only then", halafu uhasa, vipimo, ukanushi, sifa, adabu na amri, na sauti. Mwenzangu alipendelea "tu" itangulie kwa kuwa ndiyo inayotafutwa zaidi. Nimeomba wakati utangulie kwa sababu hiyohiyo: anayekuja akitafuta "tu" akutane kwanza na mahali ambapo haifai.

Yalikuwa yamebaki mafungu yaliyokaza, ambayo hayapimiki kwa sehemu zake. "Just in case" limetupa shida kidogo, kwa maana Kiswahili hukitaja kile kinachohofiwa: "Take an umbrella just in case" imekuwa "Chukua mwavuli, isije mvua ikanyesha." Asiyetaka kuitaja mvua anaweza kusema "kwa tahadhari tu". "It's just as well you came" ni "Afadhali umekuja", wala haihusiani na "as well" ya "pia". "Just the same" huwa ama "vilevile" ama "hata hivyo", kutegemea inaishia kwenye kulinganisha au inafungua sentensi inayopinga.

La mwisho lilikuwa "It might just work." Tulizunguka nalo mchana kutwa. "Huenda ikafanya kazi" inaiacha "just" nje. "Huenda ikafanya kazi tu" inaipa maana isiyokuwamo. Msemaji anaona uwezekano ni mwembamba, ila upo. Tumeandika "Huenda ikafanya kazi, huwezi kujua", na kopasi ikatuletea mistari kadhaa ambamo tafsiri hiyo inakaa sawa. Imeingia, na faili limekwenda kwa mchapaji.